Soja Wetu Amenioshea Gari

Jamani, leo nusura nilie mbele ya soja wa geti.

Asubuhi yote nimechuchumaa hapa nje ya flat, Parklands, nikipaka rangi nyeusi plastiki za bampa na za milango. Jua lilikuwa limezigeuza kijivu, na kesho hii gari ndiyo itabeba wazee tukienda kumposea kaka yangu.

Nikamaliza. Zikang'aa, wacha tu!

Nikaingia kunywa chai, rangi ikauke.

Kutoka, nampata soja, yule huosha magari yetu yote bila kuulizwa, na kitambaa cheusi tititi mkononi. Milango yangu nyeupe ni michirizi mitupu.

"Boss, hii uchafu ilikuwa mingi! Lakini nimesugua mpaka ikatoka."

Anatabasamu. Anangoja.

Nyinyi mngemwambia nini?

Mimi nilisema asante.