Asali Kwenye Rili ya Baba

Kaa nikusimulie, maana juzi nilimkuta mkwe wangu amefungua rili yake sebuleni, nikacheka peke yangu.

Rili ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi wa kuvulia samaki. Nilipokuwa mtoto, ya baba ilikuwa inakwama, naye aliniahidi kwamba ikipona, kesho yake tutaenda wote bwawani Igombe. Aliifungua juu ya gazeti, akaenda dukani kutafuta grisi.

Mimi nilikuwa nimeitazama ile grisi ya zamani, nzito, ya rangi ya dhahabu, nikaamini kabisa kuwa ni asali. Nyumbani tulikuwa na debe zima la asali, likinukia moshi na maua ya porini. Basi nikaipaka kwenye kila kijino cha gia za rili, bila uchoyo, ili safari isivunjike.

Baba aliporudi, sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka mlangoni.

"Mama Zawadi!" alimwita mama. "Njoo umwone fundi wako. Amewaandalia samaki wa Igombe chai!"

Nikaanza kulia. "Kwa hiyo kesho siendi?"

"Utaenda, mwanangu. Ila kwanza uioshe."

Mama akaleta maji ya moto. Asali ikayeyuka, chumba kikanukia vizuri, na baba akanionyesha jinsi ya kusugua kwa mswaki mkuukuu. Jioni, baada ya baba kuipaka grisi mpya, rili ikazunguka bila kelele, na kesho yake nikaenda.

Nawe ukifungua yako, ondoa grisi yote ya zamani, kausha vizuri, kisha paka mpya kidogo tu, kama punje ya mchele.