Folda Namba Nne Kwenye Jubilei ya Wazazi

Habari hii ni ya aibu, na aibu yenyewe ni yangu, ila naisimulia kwa sababu nusu ya Marangu wanaisimulia tayari na kila mmoja anaongeza chumvi yake (kuna wanaosema nilizimia, sikuzimia), kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mimi niliyekuwa nimeshika kipanya.

Nina kibanda cha stesheneri pale Moshi mjini, natoa kopi, naprinti kadi za harusi, nasafisha picha za marehemu ziwekwe kwenye fremu. Kompyuta yangu ni ya zamani, na fundi aliyenitengenezea aliniwekea Linux akasema, "Dada, hii ni nyepesi, haitakusumbua." Na kweli haikunisumbua, mimi ndiye niliyeanza kuisumbua siku nilipogundua kwamba folda inaweza kubadilishwa sura. Unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, unafungua sifa za folda, unagusa kile kipicha chake kidogo, unachagua picha yoyote uliyonayo, na folda inaivaa hapo hapo. Jamani, nilipagawa. Folda ya harusi za wateja nikaivisha keki, ya misiba nikaivisha mshumaa, ya mapishi nikaivisha bakuli la mtori, na wateja wakija nawageuzia kioo waone, hata kama wamekuja kutoa kopi ya kitambulisho tu.

Halafu nikaona yale majina ya chini yanaharibu urembo. Mengine marefu, mengine mafupi, yamekaa ovyo ovyo. Nikayafuta yote, nikaweka namba, moja, mbili, tatu na kuendelea, maana nilijiuliza, jina la nini wakati sura naiona? Huo ndio uamuzi wenyewe, na siku naufanya nilikuwa nakunywa chai kwa raha zangu.

Katika folda hizo kulikuwa na mbili za nyumbani. Moja ni ya picha za wazazi wangu tangu ujana wao, nayo niliivisha picha ya harusi yao. Nyingine niliivisha jembe, na hii ya jembe lazima niieleze. Baba na mdogo wake, baba mdogo Eliamani, vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba waliyorithi, vinapakana, na mpaka wa kihamba kwetu ni mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo mtu mwenye akili zake haigusi hovyo. Sasa masale ya mpakani yakaanza kung'oka. Baba akasema anayeyang'oa ni mdogo wake, baba mdogo akasema ni mvua, na kuanzia hapo ndugu wa tumbo moja wakawa wanapishana mlangoni kanisani kila mmoja anaangalia viatu vyake. Ndipo Baba akaniambia, "Aikande, wewe una simu nzuri. Pita huko migombani unipigie picha, iwe ushahidi." Nikajibanza nyuma ya mgomba, mtu mzima mimi na sketi yangu, nikapiga masale yaliyong'olewa, na nikampata na baba mdogo mwenyewe ameinama na jembe lake, amenipa mgongo (na kwa kuwa aliinama sana, mgongo ndio ulioonekana kidogo).

Ilipokaribia jubilei ya ndoa ya wazazi, tukamuuliza Mama anataka zawadi gani. Akasema hataki friji wala kitenge, anataka shemeji yake aje akae meza moja na kaka yake, wale pamoja, basi. Akavaa viatu akaenda mwenyewe kumwomba, na baba mdogo, kwa heshima ya Mama, akakubali. Ukoo mzima ukawa unaisubiri siku hiyo kwa ajili ya meza hiyo kuliko hata ya keki.

Mimi nilipewa kazi ya picha. Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa na haraka, nikazikumbatia folda zote kwa mpigo, nikazimwaga kwenye flashi, nikapanda zangu Marangu. Kwenye ukumbi wa kanisa nikakuta kompyuta ya usharika imeshaunganishwa na projekta na ukuta mweupe mbele, na baba mdogo yuko meza kuu, amevaa kofia yake ya pama, kiti kimoja tu kati yake na Baba, na kwenye kiti hicho amekaa Mama, anang'aa bila hata kupakwa chochote. Nikachomeka flashi.

Folda zote za njano. Zote, sura moja, hakuna keki, hakuna mshumaa, hakuna jembe, namba tu zimejipanga zinanitazama. Baadaye fundi alinieleza kwamba ile picha haikai ndani ya folda, ni kompyuta yako ndiyo inayokumbuka kwamba folda fulani inavaa picha fulani, kwa hiyo ukiipeleka ugenini inafika bila nguo. Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule mshereheshaji, kaka mmoja wa mjini ambaye hakuwa anamjua mtu hata mmoja pale, alishashika kipaza sauti anasema, "Sasa dada yetu anatuletea historia ya wapendwa wetu, tuzime taa!" na taa zikazimwa, na watu wakageukia ukutani, na mimi nikajiambia harusi ni namba nne, nne au saba, nadhani nne.

Nikafungua nne, nikaruhusu picha zianze kupita.

Ya kwanza ilikuwa masale yamelala chini, mizizi juu. Mshereheshaji hakusita: "Na hapa ndipo walipoanzia maisha, mazingira ya shamba!" Nikabonyeza nirudi nyuma, kumbe nimebonyeza kwenda mbele, na baba mdogo akatokea ukutani, mzima mzima, kutoka dari hadi sakafu, kofia ile ile ya pama kichwani, jembe mkononi, na upande niliousema ndio umeukaribisha umma.

"Mnamwona mzee wetu mchapakazi!" mshereheshaji akapaza sauti. "Nguvu bado anazo! Makofi kwa mchapakazi!"

Wageni wa mjini wakapiga makofi, mmoja akapiga na kigelegele. Upande wa ukoo hakuna hata aliyekohoa. Nilitafuta pa kuzimia projekta nikaishia kuzima kipaza sauti.

Taa zilipowashwa baba mdogo alikuwa ameshasimama. Alimwinamia Mama, akamshukuru kwa Kichaga, kwa upole kabisa, "Aika, shemeji. Nimekuja, nimeona," akatoka. Mama alibaki ameshika mkono wa kile kiti alichokiacha shemeji yake. Baba, ambaye ndiye aliyeniagiza picha zile, aliniangalia kama mtu asiyenijua hata jina. Niliumia, sitaki kudanganya. Nilijiona nimemnyang'anya mama yangu kitu kimoja tu alichowahi kutuomba.

Nikatoka mbio, viatu mkononi, nikaikata njia ya migombani nimuwahi. Kwetu ukimkosea mtu unamshikia jani la isale, na anayeshikiwa hakatai, sasa mimi sikuwa na jani, kwa hiyo nilivyofika karibu na kwake nikanyakua la kwanza lililokuwa mbele yangu, nikapiga magoti kwenye matope na gauni la jubilei.

"Shikamoo baba mdogo. Nimekukosea, naomba unisamehe."

"Marahaba." Akaliangalia jani muda mrefu. "Aikande, hilo umelitoa wapi?"

Nikageuka kuangalia. Nilikuwa nimelitoa mpakani. Tena kwa papara yangu halikuwa jani, ni isale zima, changa, limekuja na mizizi yake, udongo unadondoka kwenye gauni.

"Sasa na wewe nikupige picha?" akaniuliza.

Nikaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, na yeye akacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi. Akakwanyua jani moja akalitia kwenye mfuko wa koti. "Hili la kwako nimelipokea," akasema. "La baba yako alilete mwenyewe, miguu anayo." Isale lenyewe akaniamuru nilirudishe nilipolitoa, akasimama juu yangu mpaka nikalishindilia vizuri. Ukumbini hakurudi. Mama alimfungia nyama ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa sherehe, akampelekea jioni.

Baba hakuligusia jambo hilo wiki nzima. Jumapili yake, tulipotoka ibadani, hakurudi na sisi, alishika njia ya kwa mdogo wake, na alipokuja nyumbani jua linazama alikuwa ananukia pombe ya mbege. Kesho yake akashuka Moshi hadi kibandani kwangu, akakaa karibu yangu, akauliza, "Ile folda ya jembe, ipo?"

"Ipo, Baba."

"Ifute."

Nikaifuta anaona. Hakuondoka. "Na huko kwenye takataka zake, itoe pia," akasema, nikaitoa.

Siku hizi folda zangu zina majina marefu ya kuchosha, yanasomeka hata na asiye na miwani, na keki yangu imebaki pale juu kama urembo tu, na flashi siichomeki mbele za watu kabla sijaifungua peke yangu. Na Mama zawadi yake aliipata, imechelewa lakini aliipata: ndugu wawili mezani kwake, mtori, ukuta mtupu, hakuna mshereheshaji. Aliponiita jikoni akaniambia nitoe simu niwapige picha wakiwa wanakula, nilimwambia simu haina chaji.

Ilikuwa nayo.