Taji la Mkate kwenye Harusi ya Beni

Mama alisuka mkate kama alivyosuka nywele: akiongea, bila kutazama vidole vyake. Kila palipokuwa na harusi au ubatizo katika mtaa wetu wa Kimemi, hapa Butembo, watu walikuja kumwomba ule mkate mtamu wa mayai na siagi ambao masista wa milimani walimfundisha alipokuwa msichana. Ulikuwa taji kubwa la mikia minne iliyosukwa, na juu yake aliketisha kuku wa unga pamoja na vifaranga wake. Macho ya kuku yalikuwa punje za kahawa. Manyoya aliyakata kwenye unga kwa mkasi mkubwa wa baba, aliyekuwa fundi wa kushona. Baba alilalamika kila mara kwamba siagi inaharibu mkasi wake, kisha alienda kukaa karibu na furu, ile tanuri yetu ya matofali, akingojea kifaranga aliyevunjika shingo. Huyo ndiye aliyekuwa haki yake.

Baba alikufa kabla ya vita. Mama alikufa vita vya pili vilipoanza, wakati vituo vya afya vilikuwa na vitanda lakini havikuwa na dawa. Tulibaki watoto wanne, mimi wa kwanza, na nilikuwa katika mwaka wa pili wa sekondari. Hakuna aliyenifukuza shuleni. Niliacha tu kwenda, nikachukua beseni la mama, nikaanza kuoka mikate midogo ya kuuza asubuhi. Mikate hiyo ilitulisha, ikawasomesha wadogo zangu. Lakini lile taji sikulioka hata mara moja. Taji ni kitu cha sherehe, na kwetu sherehe zilikuwa zimesimama.

Kisha mdogo wangu wa kike, anayenifuata, akachumbiwa na kijana wa Beni.

Kijana huyo alilelewa na shangazi yake, mwanamke mnene, mcheshi, aliyenunua kakao upande wa Oicha na kuiuza mjini. Alikuja Butembo mwenyewe kumaliza mazungumzo ya harusi. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akazungusha macho ndani ya nyumba, akanywa chai, akaniita binti yake kwa Kifaransa, akaniambia:

"Ma fille, mambo ya gâteau, ile keki ya harusi, musisumbuke nayo. Siye tutafanya yote. Nyiye batoto yatima, mulete tu bibi harusi na robe yake ya kuvaa."

Alisema kwa wema, na ndiyo maana iliniuma. Kwetu, siku ya harusi, watu wa upande wa bibi harusi huingia ukumbini wakicheza, vitu vyao vichwani, mbele ya macho ya wote. Atakayeingia mikono mitupu, bibi harusi wao atalisikia neno hilo maisha yake yote. Siku akiunguza maharagwe, siku akichelewa kutoka sokoni, mtu atasema: unajua, huyu hana watu. Mtaani kwetu kulikuwa na mke wa mtu aliyezeeka na neno hilo mgongoni. Sikutaka mdogo wangu aingie Beni akiwa amebebeshwa mzigo huo.

"Mukate itatoka kwetu, shangazi," nilisema.

"Mukate ya kukulia na chai?"

"Mukate ya harusi."

Alicheka ndani ya kikombe. "Mais bien sûr, bila shaka. Tutauona huo mukate."

Alipoondoka, mdogo wangu, aliyeniita Yaya, yaani dada mkubwa, alinishika mkono. "Yaya, ile ya mama uliisha kuipika siku gani?"

"Bado."

"Na umesema mbele ya shangazi."

"Nimesema."

Alijitupa mkekani akicheka mpaka machozi. "Kumbe niko bibi harusi ya mukate yenye haiko."

Nilijaribu nyumbani, na ulitoka vizuri. Nilifuata saa za mama bila kubadili kitu: kukanda donge alfajiri, kulifunika kwa blanketi, kwenda misa, kupita sokoni, kurudi. Butembo ni baridi, unga hauna haraka. Nikirudi, donge lilikuwa limejaza beseni na kunisubiri, limetulia, kana kwamba lilijua saa ya kuja kwangu. Nikaamini kwamba saa hizo ni za mkate wenyewe.

Swali lililobaki lilikuwa njia. Kati ya Butembo na Beni palikuwa na bariere za askari wa waasi waliotutawala miaka ile, na taji lililookwa lisingefika hata bariere ya pili. Lakini hakuna askari anayekula unga mbichi. Basi niliamua kuokea Beni. Nilifunga unga wa ngano ya milimani katika mifuko miwili, kwa sababu mama hakumimina kamwe unga wote siku moja. Siagi niliifunga kwa majani ya migomba, mayai niliyapanga ndani ya kikapu chenye maganda ya maharagwe, na chachu ya dukani, kidogo tuliyoweza kupata, niliificha kifuani. Mkasi wa baba niliuweka chini kabisa. Tukapanda juu ya lori lililobeba kabeji na viazi, mdogo wangu na mimi. Kaka zetu wawili wangekuja kesho yake pamoja na kwaya.

Kwenye bariere kubwa askari alipanda juu ya kabeji, kijana wa umri wangu. Alichoma mfuko wa unga kwa kidole, akanusa.

"Mama, mampa ezali wapi?" aliuliza kwa Kilingala. Alitaka mikate.

"Mukate haiko," nilisema. "Ni unga."

Ndipo akaona kikapu. Alivua bereti yake, akaijaza mayai polepole, kwa heshima, kama mtu anayechagua sokoni. "Hii njo ushuru ya mayai," akasema kwa Kiswahili, akashuka.

Mdogo wangu alichungulia kikapu. Yalibaki mayai machache. "Yaya," akasema, "kuku yetu atakuwa na batoto kidogo."

Beni palikuwa na joto. Nililijua joto hilo kwa habari tu, na kwa ngozi nikalijua siku ile. Tulipokelewa na mzee mmoja, jirani ya shangazi, mwoka mikate ambaye furu yake ilikuwa imekaa bila moto tangu unga ulipoacha kupita njiani. Alisema tuitumie, mradi tumwachie kipande. Kesho yake, siku ya mwisho kabla ya harusi, niliamka alfajiri, nikamimina mfuko mmoja, nikatia chachu yote na mayai yote niliyokuwa nayo, nikakanda mpaka donge likaachana na mikono. Nikalifunika kwa blanketi. Misa haikuwapo, lakini kulikuwa na nywele za bibi harusi za kusukwa, kazi ya asubuhi nzima. Tukaenda.

Tuliporudi, blanketi lilikuwa limeinuliwa kama na mtu anayeamka. Donge lilikuwa limepanda beseni, likamwagika pembeni, kisha likaanguka ndani yake lenyewe. Siagi ilikuwa imeyeyuka na kufanya kidimbwi chenye kung'aa. Lilinuka pombe ya ndizi. Na shangazi alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni.

"Donc njo hii, gâteau ya Butembo," akasema. "Imelewa."

Nililivuta blanketi pembeni.

"Uliifunika blanketi? Hapa Beni? Hata mugonjwa hatumufunike blanketi saa hii." Kisha akapunguza sauti. "Sikiliza, ma fille. Hapana aibu. Nitatuma mutu anunue biskuti, tutazipanga muzuri kwenye sahani. Batu banajua muko yatima."

Nilimtazama mdogo wangu. Nywele zake zilikuwa zimetoka vizuri sana, na chini ya nywele hizo uso wake ulikuwa umeanza kukubali zile biskuti. Hilo ndilo nililoshindwa kuvumilia. Nilipiga magoti, nikazamisha mkono ndani ya lile donge lililoanguka. Lilikuwa limechacha, lilikuwa teketeke, lakini ndani, chini kabisa, viputo vilipasuka kwenye vidole vyangu. Halikuwa limekufa.

Hapo nilijiona mjinga, tena mjinga mwenye furaha. Asubuhi ngapi, njia ikiwa imefungwa na chachu haiko, niliinua mikate yangu ya kuuza kwa konzi ya donge la jana? Ilikuwa kazi yangu ya kila wiki. Lakini lile taji nilikuwa nimeliheshimu kiasi cha kusahau kwamba nalo ni mkate.

"Biskuti hapana, shangazi," nilisema. "Iko unga ingine."

Nilichota konzi ya donge lililolewa. Nilimwomba mzee maji baridi ya chemchemi, nikayamimina ndani ya karai kubwa, nikaweka beseni ndani yake kivulini nyuma ya nyumba. Siagi iliyobaki nayo niliizamisha majini. Blanketi nililirudisha kitandani na kukata majani mabichi ya mgomba, nikayalowesha. Nikafungua mfuko wa pili. Kilichokosekana ni mayai, na sikujua nimwombe nani, kwa kuwa mtu pekee niliyemfahamu mwenye kuku, shangazi, alikuwa ameshaondoka zake akitikisa kichwa.

Alirudi. Alikuwa amefumbata ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga, kama mtu aliyebeba maji, na ndani yake mlikuwa na mayai, mengine bado na uvuguvugu.

"Si kwa ajili yako," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Sitaki batu baseme mutoto yetu ameoa njaa." Akavuta kigoda, akaketi. "Na sasa sitoki hapa. Nataka kuona."

Naye aliona. Nilikanda, na safari hii sikwenda popote, sikuhesabu saa. Nilibonyeza donge kwa kidole mara kwa mara, kama mama alivyobonyeza mashavu yetu tulipokuwa wagonjwa. Mwanzo lilirudi haraka, lilikuwa bado linakataa. Baadaye shimo la kidole likabaki kidogo, likajaa taratibu, kwa uvivu. Nilijua ni sasa. Nililikata mikia minne, nikaanza kusuka, na vidole vyangu vikaenda vyenyewe mpaka nikajisikia naongea huku nikisuka, nikimsimulia shangazi habari za yule askari na bereti yake ya mayai. Alicheka mpaka kigoda kikalia.

Nilipoanza kuku, alinyosha mkono. "Nipe kidogo. Miye pia nifanye kamoja."

Alifinyanga kwa bidii, ulimi nje. Mdogo wangu alikitazama kile kitu. "Shangazi, hiyo ni chura."

"Ni kuku ya Beni. Njo hivi iko."

Nilimpa mkasi, akakikata manyoya, nikakiwekea macho ya kahawa. Kikawa chura mwenye manyoya. Nikakiketisha pamoja na wengine kwenye taji, karibu na bawa la mama yao.

Mzee aliwasha kuni, akafagia makaa. Nilitupa jani kavu ndani ya furu: likishika moto, joto ni kali mno, likigeuka rangi ya kahawa bila moto, mkate unaweza kuingia. La kwanza liliwaka. La pili likageuka polepole. Niliupaka mkate kiini cha yai na maziwa, nikauingiza, nikaziba mlango kwa bati na matope. Kisha harufu ikatoka. Watu wa nyumba za nyuma walianza kupita mbele ya ua wakiwa hawana safari. Nilipofungua, jua lilikuwa bado juu ya miti, na taji lilikuwa limejaa sinia yote, jekundu la dhahabu mgongoni na jeupe penye mikunjo ya kusuka, na kuku alikuwa ameinua kichwa. Mzee alilizunguka. "Furu yangu ilidhani nimekufa," akasema.

Siku ya pili tuliingia ukumbi wa parokia tukicheza. Mbele nilikuwa mimi, taji kichwani juu ya sinia, mkono mmoja tu ukiligusa. Nyuma yangu kaka zetu, mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na jogoo aliyekuwa haridhiki kabisa. Kwaya yetu ya Kimemi iliimba kana kwamba inataka isikike Butembo. Nilisikia vigelegele vikianza upande wao, si upande wetu. Nikapita karibu na meza ya wazee wa Beni, na mmoja wao akamwinamia shangazi: "Ule mwenye kubeba ni nani kwa bibi harusi?"

"Njo mama yake," shangazi akasema.

"Mais ni kijana sana."

"Nimesema njo mama yake. Na baba yake. Tosha."

Mama hakuruhusu kisu kiguse mkate uliosukwa. Taji huraruliwa kwa mikono, mkubwa wa kila upande akishika sehemu yake. Upande wao alisimama shangazi, na kikwembe kipya. Upande wetu nilisimama mimi. "Vuta basi," akaniambia, "ao unaogopa?" Nilivuta. Mkate ulifunguka kwa nyuzi ndefu laini, ukatoa harufu ya mayai na siagi, na ukumbi wote ukapiga kelele. Shangazi alipeleka kipande kinywani kwa mdogo wangu kwanza, kabla ya mtoto wao wenyewe, akageukia meza yake huku akitafuna. "Mumeona batu ya bibi yetu?" akauliza, na hakungoja jibu.

Katika kuvuta, yule chura mwenye manyoya alivunjika shingo na kuanguka mezani. Shangazi alitaka kumwokota. Nilimtangulia. Nikamwambia kwamba kwetu aliyevunjika shingo ana mwenyewe, nikamla palepale, nimesimama, mpaka punje za kahawa.