Kipande cha Baba Goodness

Watu hupenda kutania kwamba shilingi ya Mchaga ikidondoka kanisani, ibada itasubiri. Basi hawakumjua Shedrack wa Machame. Miaka yote aliyopiga video za harusi, vipaimara na misiba ya mlimani, wenye shughuli walimlipa ndizi, walimlipa maziwa, na wengine walimlipa ahadi tu, naye akasema asante. Kanda zote alizitunza kwenye studio yake ya Njoro, mjini Moshi, chumba kimoja chenye rafu hadi darini.

Ukarimu huo aliurithi. Kwao, siku ya Krismasi, ndugu wakisharudi kutoka Dar na Mwanza, mwenye mbuzi ndiye mgawaji, na kila kiungo kina mwenyewe: kidari cha baba, mgongo wa mama, mguu wa mjomba. Mgawaji hajikatii. Ni aibu, ataonekana mlafi. Hukaa na kisu chake mpaka mtu amkumbuke. Kwa Shedrack mtu huyo alikuwa mkewe, Elinipendo. Wageni wakishaanza kutafuna, Elinipendo alitoka jikoni na kipande cha ubavu kilichofunikwa kwa jani la mgomba, akimsema mbele ya watu wote: "Baba Goodness, wewe ungegawa hata kisu!"

Elinipendo alifariki mwaka juzi. Upweke ndio uliomrudisha Shedrack kwenye kanda zake, na humo akaukuta mlima alioanza kuusahau: akina mama wakianika kahawa, mifereji imejaa maji, nyimbo ambazo leo hazina mwimbaji. Ah, mlima ule! Akapata wazo la kutengeneza vipindi sita vya televisheni kuhusu maisha hayo, vya kwake mwenyewe, bila bosi wa kumwamuru. Wazo lilikuwepo, ila mfuko uligoma. Akatafuta wabia. Godlove, kijana wa kituo kimoja cha televisheni Dar, alikubali kuvirusha na kutoa sehemu ya fedha. Tabitha, mama mwenye kampuni ya filamu Arusha, angeleta kamera, wahariri na fedha iliyobaki.

Wakakutana kwenye hoteli ndogo mtaa wa Mawenzi, pale pale mjini.

"Shikamoo, mzee," alisema Godlove. "Kazi ni yako hii. Hebu tugawie wewe, nani achukue nini."

Shedrack akagawa. Maskini, akagawa kama yuko kihambani, shambani kwao mlimani, siku ya Krismasi! Haki ya kurusha nchini akampa Godlove. Mauzo ya nje akampa Tabitha. Tabitha akauliza kanda za zamani zitakuwa za nani, maana bila hizo hakuna mnunuzi.

"Chukua, mama," akasema Shedrack.

Kisha akanyamaza, mikono juu ya meza, akisubiri mtu amkumbuke. Wenzake wakamshukuru, wakaagiza chai. Si kwamba walikuwa wabaya. Walidhani aliyenyamaza ameridhika. Wakaagana kusaini mkataba kesho yake asubuhi.

Jioni ile alianza kuzitoa kanda rafuni ili azikabidhi. Moja haikuwa na jina, akaiweka kwenye mashine aone ni ya nini. Ilikuwa Krismasi ya zamani, siku ambayo kamera aliishika mdogo wake. Akajiona mwenyewe, kijana, kisu mkononi, mbuzi ameisha. Kisha Elinipendo akatoka jikoni na jani lake la mgomba. "Baba Goodness, wewe ungegawa hata kisu!" Akaigeukia kamera, akacheka.

Shedrack alilia, mzee mzima. Kesho kicheko kile kingekuwa mali ya kampuni ya Arusha, ikiuze ipendavyo, hata ikibandike kwenye tangazo la sabuni. Na aliyekigawa ni yeye.

Asubuhi aliingia hotelini, na kabla hajasalimiwa akasema, "Naomba kipande changu."

"Kipi, mzee?" akauliza Godlove.

"Kanda. Tuzitumie kwenye vipindi vyetu, lakini zibaki zangu. Mwenye kuzitaka kwa kazi nyingine aje aniombe."

Hakuwa amezoea kujiombea kitu.

Tabitha alikunja mikono. "Baba, nisikufiche. Hizo kanda ndizo tegemeo langu la kurudisha fedha. Zikibaki kwako, itabidi nipunguze mchango. Tutatengeneza vipindi vinne, si sita."

Shedrack alikiwaza kipindi cha kahawa, akakiwaza na kile cha nyimbo, alivyovipenda kuliko vyote. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vya gharama zaidi, na ndivyo vitakavyokatwa.

"Basi viwe vinne," akasema.

"Mzee, sasa jana mbona hukusema?" akauliza Godlove.

"Jana nilikuwa nasubiri."

Hawakumwelewa, lakini mkataba waliurekebisha, wakasaini.

Krismasi ilipofika, ndugu walirudi mlimani kama kawaida. Shedrack akachinja, akagawa, kila mtu na haki yake. Halafu dada yake, Eliaichi, akamwona anakata kipande cha ubavu na kukifunika kwa jani la mgomba.

"Hicho cha nani, kaka?"

"Cha kwangu," alijibu Shedrack. "Aliyekuwa ananiwekea hayupo."

Eliaichi alimsogezea kigoda, naye akakaa, akala.