Chakula cha Baridi kwa Walimu Wenzetu

Mume wangu hakutaka walimu wenzetu wajue kwamba moshi unamkaba. Ndiyo sababu siku ile niliwapa chakula cha baridi.

Niseme vizuri, maana watu wa huku wakisikia mgeni amepewa chakula kilichopoa wanashika kichwa. Hapa Goma, chakula kilichopoa ni cha watoto asubuhi kabla ya shule. Mgeni anafunuliwa sufuria mbele ya macho yake, mvuke unampanda usoni, anasema aksanti, basi anajua amekaribishwa. Mama yangu, mutu wa milima ya Masisi, angeniona siku ile angeuliza kama nimewachoka wageni au nimerukwa na akili.

Lakini mapafu ya mume wangu yalikuwa yameharibika. Alifundisha kemia upande wa sekondari, mimi nafundisha primeri, uwanja ni ule ule mmoja. Alianza na kikohozi tukakidharau, halafu akawa anasimama katikati ya somo na kushika ubao, na mwisho akawa wa kulala nyumbani. Daktari alituambia asikae penye moshi wala penye vumbi. Nikamwuliza, "Dogteri, kwa hiyo unatuhamishia mbinguni?" Hakucheka. Mtaa wetu mzima wa Majengo unapika kwa makala, yaani makaa, na vumbi letu jeusi la volkano linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Utamficha mutu wapi?

Nilifanya nilichoweza. Niliziba dirisha la nyuma kwa vitambaa. Mbabula yetu, lile jiko la makala, niliisugua nikaiweka pembeni ya kiwanja, na tangu hapo nikawa napikia kwa jirani yangu, mama anayeuza samaki, ng'ambo ya ukuta. Chakula nilikibeba kimefunikwa. Majirani wengine walisema mwalimu amekuwa mvivu, mpaka moto anaazima. Waseme tu, nilikuwa sina nguvu ya kugombana na kila mdomo.

Basi likizo ilikuwa inakwisha, na prefe, mkuu wa sekondari, akatuma neno kwamba Jumamosi mchana atakuja na walimu wawili kumwangalia mgonjwa. Mimi nilifurahi. Mume wangu alikaa kitandani, akavaa viatu bila sababu, akavivua.

"Hawaji kuniangalia," akasema. "Wanakuja kunipima."

Alisema kweli. Kabla ya mwaka wa shule kuanza, prefe anagawa masaa ya kufundisha. Mwalimu asiyeweza kusimama darasani, masaa yake anapewa mwingine, na huku kwetu ukishaondoka kwenye karatasi ya masaa, kurudi ni kazi kweli kweli.

"Wakiona nimekaa mezani vizuri, nakula, naongea, masaa yangu yanabaki," akasema. "Wakijua mambo ya moshi, imekwisha. Mama, uniahidi hutawaambia."

Nilimwambia ni upumbavu. Nilimwambia shule yenyewe iko kandokando ya barabara ya vumbi, wanafunzi wanamchomea vitu kwenye maabara, atafanyaje? Akanitazama tu. Mutu ambaye kwa miezi alikuwa akitazama ukuta, leo ananitazama mimi. Nikaahidi.

Kwa hiyo moto nyumbani hapana. Ningeweza kupikia kwa jirani na kuleta sufuria zikiwa moto, lakini Jumamosi yeye anakwenda sokoni na kufunga lango. Tena prefe angeniona nazunguka ukuta na masufuria, angeuliza. Nikaamua kupika kila kitu Ijumaa, kipoe, kilale, Jumamosi nipange mezani kama kwenye mahoteli ya Kyeshero, kando ya ziwa. Mume wangu akapenda hilo. "Sema ni bufe," akaniambia. Eti bufe!

Ijumaa nilishinda kwa jirani. Nilichemsha viazi na maganda yake, vile vigumu visivyovunjika, na karoti, na mayai. Biterave, kile kiazi chekundu, niliichemsha peke yake, maana ile ukiiacha karibu na mayai inayageuza yote kuwa na sura ya kidonda. Nilikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, mpaka wakalia kama majani makavu, nikawamwagia siki iliyochemka na vitunguu na pilipili nzima. Hao wakilala usiku mmoja wanakuwa watamu kupita siku ya kwanza. Maharage niliyachuja nikayakoroga na kitunguu kibichi na ndimu. Friji tunayo, lakini umeme unakuja unapotaka, kwa hiyo niliweka masufuria ndani ya beseni la maji chini kwenye saruji, juu yake kitambaa kilicholowa. Mayoneze niliikoroga Jumamosi asubuhi, si mapema, maana sikutaka kuwaua walimu kwa yai bichi. Nilikata fromaji, jibini ya Masisi, vipande vinene, nikaweka mkate, na mashanza, maziwa yetu ya mgando, kwenye jagi. Nilitandika kitambaa cha harusi yetu. Ilikuwa meza nzuri. Hata leo nasema ilikuwa nzuri.

Walikuja watatu: prefe mwenyewe, mwalimu wa hesabu ambaye ni mutu wa mzaha, na mwalimu wa darasa la kwanza, mama mmoja rafiki yangu sana. Walimkuta mume wangu amekaa kwenye kiti, amevaa koti, amenyolewa. Akasimama kuwasalimia. Nilihesabu pumzi zake kwa macho.

"Eh, muzee, wewe ndiye mgonjwa?" mwalimu wa hesabu akasema. "Mimi ndiye nilale, wewe ukafundishe." Alipoona meza akapiga makofi. "Jamani, leo tuko hotelini!"

"Ni bufe," mume wangu akasema. Nusura nicheke.

Sasa, rafiki yangu. Kwetu mwanamke akitembelea nyumba ya mwenzake hakai salon, pale sebuleni, kama bwana. Anafunga kitenge kiunoni na kwenda nyuma, aone moto, akoroge, aoshe sahani. Ni heshima hiyo. Nilimwambia, "Mama, kaa, hakuna kazi," naye akasema, "Acha, ninakwenda tu kunawa." Alikwenda. Akaona mbabula yangu imesafishwa mpaka inang'aa, haina hata jivu, na gunia la makala halipo. Na ndani ameona wageni wanapewa viazi vya jana. Yeye hakufikiria bufe. Alifikiria tumekosa makala, mwalimu mgonjwa na mke wake wanalala bila moto. Na kwa vile ni mutu wa heshima, hakuniuliza mbele ya prefe. Alitoka kwa lango la nyuma, akanunua mfuko wa makala barabarani, akarudi kimya kimya, akawasha, ili anipashie moto yale maharage nisiaibike. Akawasha chini ya lile dirisha la nyuma.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilikuwa nawapakulia. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Mume wangu alikuwa anaeleza vile anataka kuanza mwaka, majaribio gani kwanza, chupa gani zimepasuka zinunuliwe, na macho yake yalikuwa yale ya zamani, yale niliyoolewa nayo. Prefe alikuwa anatikisa kichwa. Akameza sambaza, akafuta vidole, akasema, "Bon. Mwalimu, naona uko sawa. Basi masaa yako..."

Hapo nikasikia harufu.

Vitambaa vya dirishani havikuzuia kitu. Makala mapya yakianza kushika yanatoa moshi mkali, na upepo wa mchana uliusukuma wote ndani. Prefe hakuuona, nani huku anaona moshi? Lakini niliona vidole vya mume wangu vimeshika ukingo wa meza. Alinyamaza katikati ya neno. Akatabasamu. Akanitazama mimi, na kichwa chake kikafanya hivi, kidogo sana: hapana.

Mungu wangu, niliipenda ile kazi yake. Niliipenda kuliko yangu. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi, na bado alikuwa anatabasamu kwa prefe.

"Nani amewasha moto?" nikapiga kelele. "Zima! Toa nje! Hawezi kuvuta moshi, atakufa!"

Rafiki yangu alitokea mlangoni na upepeo mkononi. Alipomwona mume wangu, alirudi mbio, akaibeba ile mbabula kwa kitenge chake mpaka barabarani, vidole vikaungua. Mwalimu wa hesabu alifungua mlango wa mbele na kupepea kwa sinia. Mimi nilimshika mume wangu kifuani na mgongoni, kama daktari alivyonionyesha, mpaka pumzi ikarudi, mwanzo kama uzi, halafu kama kamba.

"Mama, nilifikiri munakosa makala," rafiki yangu alikuwa analia. "Nilifikiri munaficha umaskini."

"Hatukosi makala," nikamwambia.  Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa nataka kumkumbatia, yote kwa pamoja.

Wageni hawakuondoka. Walirudi mezani na kula, wote, wakamaliza hata biterave ambayo najua mwalimu wa hesabu haipendi. Prefe alikula taratibu, macho kwenye sahani. Mwishoni akamshika mume wangu bega. "Tutaona, mwalimu," akasema. "Upone kwanza. Tutaona."

Aliyezaliwa hapa anajua "tutaona" ya mkubwa maana yake nini. Niliwasindikiza mpaka njia panda inayokwenda mtaa wa Katindo, tukaagana kama watu waliotoka mazikoni. Nilirudi polepole. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya mume wangu, nimetayarisha na majibu: kwamba afadhali mume asiye na kazi kuliko picha ya mume ukutani, kwamba watoto wetu walioko chuoni wananiuliza mimi hali ya baba yao, hawamwulizi prefe.

Nilimkuta bado mezani, katikati ya sahani chafu. Koti alikuwa amelivua. Nikaanza kukusanya vijiko.

"Nilitaka kuona," akasema. "Nilisema moyoni, nikivumilia huu moshi mpaka prefe amalize neno lake, basi nitavumilia na darasa."

"Na sasa?"

 Alikuwa anatazama mikono yake, ile ya kushika chaki.

"Siwezi, mama."

Miezi yote ile nilikuwa nimeomba alitamke neno hilo. Nilimwomba kwa upole, nilimwomba kwa kelele, nilimwomba na Mungu amfungue kinywa. Sasa amelisema, na mimi nimesimama na vijiko mkononi, nataka alirudishe.