Turubai la gari langu limekwenda harusini

Leo nimekula biriani chini ya turubai langu mwenyewe, tena bila ya kujua!

Masika haya watalii hamna, basi pikapu yangu yenye kijumba cha kulala nyuma nimeiegesha nyumbani, Kiembe Samaki. Nimeifunika turubai jipya, maana paa lake linavuja.

Mchana nipo harusini kwa jirani yetu, Bi Zuhura. Mvua ikashuka, sisi wakavu kabisa. Nikasifu: "Turubai zuri hili!"

"Si lako, mwanangu?" akajibu Bi Zuhura. "Mkeo katuazima asubuhi."

Nikatoka mbio. Godoro la garini lote maji!

Mke wangu hana habari: "Ulitaka wageni walowe?"

Narudi harusini, Bi Zuhura ananiuliza wageni wa Bwejuu wanaweza kulala garini?

Jamani, nipeni jibu lenye adabu. Mie langu halina.