Nilimwita shemeji "Turiste" kwenye redio, sasa mahari yangu imekwama

Nimeomba ukurasa huu ulifiche jina langu, ingawa kwa watu wa Bukavu najua ni kazi bure, maana sauti yangu wanaisikia kila Jumapili mchana. Mtakaonitambua, nawaomba mnyamaze. Nina miaka ishirini na tisa, natangaza mpira kwenye redio ya hapa mjini, na nimechoka.

Nina mchumba, tumwite Furaha. Anafanya kazi ya ofisi mjini, lakini kwao ni Nyantende, ambako baba yake ni mkurugenzi wa shule ya msingi. Wazee wangu walikwenda kujitambulisha, wakapokewa vizuri, siku ya kupeleka mahari ikapangwa. Sasa kaka yake Furaha ndiye kipa wa timu yetu. Nadhani mmeshaanza kuona mambo yanaelekea wapi.

Siku ile tulicheza na wageni, na wa kushindwa ndiye wa kutoka mashindanoni. Mpaka mwishoni hakuna aliyefunga. Shemeji akaacha goli lake, akapanda karibu na katikati ya uwanja, mkono mmoja kiunoni, mwingine anawapungia watu jukwaani. Mgeni mmoja akaona goli tupu, akapiga mpira kutoka mbali. Hata haukuwa na nguvu. Ulidunda, ukadunda tena, ukaingia wenyewe, na shemeji akiukimbilia nyuma. Nilipandwa na hasira kama kila mtu pale uwanjani, nikasema kwenye mikrofoni: "Kipa wetu leo ni turiste. Ametoka kutembea, amesahau kamera tu." Waliokuwa karibu na meza yangu wakaangua kicheko. Jioni, kwenye habari za michezo, nikairudia.

Mtu wa hapa hahitaji maelezo. Turiste ni wale wazungu wanaopita mjini na kofia zao wakienda Kahuzi kutazama sokwe. Kesho yake watoto walikuwa wanamwita hivyo barabarani. Ilipofika salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, watu wazima wakiwa na majembe mkononi nao wakawa wanamwita hivyo. Mama yake akienda soko la Kadutu anaulizwa, "Maman Turiste, leo kamera umeiacha wapi?" Shuleni kwa baba yake mtu aliandika kwa chaki mlangoni: Hoteli ya Turiste. Mzee yule anaheshimiwa na parokia nzima, na sasa wanafunzi wake wanacheka akiwapa kisogo.

Shemeji mwenyewe hakuja kunigombeza. Ingekuwa afadhali angekuja. Tangu siku ile, kwenye mechi za ligi zilizobaki, hatoki kabisa kwenye mstari wake. Mpira wa kuufuata haufuati, anausubiri amesimama, anafungwa amesimama. Na mimi ndiye wa kuwaeleza watu kwamba amefungwa tena.

Nikamtuma tonton wangu, ndugu ya baba, aende Nyantende apeleke kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na kuniombea msamaha. Pombe ya watu ilirudi haijaguswa, pamoja na maneno ya mzee: "Ile jina aliitoa ku radio, aiondoshe kule kule ku radio. Aseme ile mupira iligusa mutu, ikageuka, mutoto wangu hakukuwa na kosa. Kama hapana, mambo ya mahari tuache."

Nilipompelekea chef wangu, mkubwa wetu wa redio, habari hizo, hata hakuinua macho. "Citoyen," akaniita, kama anavyotuita sote kazini, "stade nzima iliona. Ukisema iligusa mutu, kesho nani atatuamini? Sitaki kusikia tena ile mechi ku antene. Ukiirudilia, unarudisha mikro."

Jamani, kazi hii mtu aifanyeje? Kabla ya kutangaza goli nianze kuuliza kipa ni ndugu ya nani? Katika mji huu kila mtu ni shemeji wa mtu. Akishinda, wananibeba mabegani. Akikosea, mimi ndiye niliyemfunga. Usingizi umenipaa kwa ajili ya goli ambalo sikulifungisha mimi.

Basi nikamngoja Furaha atoke kazini, nikitumaini yeye atanitetea. Tulitembea kwa miguu na mimi nikamwaga yote niliyokuwa nayo moyoni, ya baba yake na ya chef. Akaniacha nimalize.

"Kwa mambo ya goli, papa iko nadanganyika," akasema. "Nilikuwa ku stade, niliona. Kaka alikosa."

Nilifurahi mno, nikataka kumshika mkono. Akauondoa.

"Lakini ile neno, ulisema juu ya kueleza mupira, ao juu watu wacheke?"

Nikamwambia ni kueleza mpira.

"Na kule ku habari za mangaribi, mupira ilikuwa imeshaisha. Ulikuwa unaeleza nini?"

Nikarudi kwenye maneno ya chef, akanikatiza.

"Mi siombi udanganye," akasema. "Useme ku radio ulitafuta watu wacheke. Halafu umuite na jina yake. Ukishafanya ile, na papa nitaongea mi mwenyewe."

Jumapili hii natangaza tena, na shemeji atakuwa golini. Nikisema lolote la mechi ile, naweza kupoteza kazi. Nikinyamaza, nampoteza binti ninayempenda, na sioni wa kuchukua nafasi yake. Asubuhi hii, nikiwa nanyoa ndevu, nimeyajaribu maneno yote mawili mbele ya kioo. Uongo anaoutaka baba yake umetoka vizuri, kwa sauti yangu ile ya mikrofoni, hata mimi nikakaribia kuuamini. Ukweli anaoutaka Furaha nimeuanza mara kadhaa, na kila mara sauti inakwama kabla sijalifikia jina la kaka yake.

Ninyi mnaonisikiliza kila Jumapili, leo niambieni ninyi: niseme nini?